Voltaire aligombana na nani hasa? Majibu ya barua zenu

Toleo lililopita niliandika kwa kifupi juu ya Voltaire, yule mwandishi Mfaransa wa karne ya 18, nikasema kwamba aliwatia maaskofu kiwewe maisha yake yote, na pamoja na hayo akajenga kanisa. Nilidhani nimemaliza. Barua zikaanza kumiminika, nyingine za hasira, nyingine za kunishangilia kwa mambo ambayo sikuyasema. Nimechagua zile zenye swali ndani yake. Zilizoleta matusi matupu nimeziweka pembeni. Matusi ya Voltaire mwenyewe yalikuwa na ladha zaidi.

*Shikamoo Mwalimu. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba Voltaire alikuwa mkana Mungu namba moja. Wewe unasema alijenga kanisa. Tumwamini nani? (Kijana wa kwaya)*

Marahaba, mwanangu. Kanisa lenyewe lipo mpaka leo huko Ferney, upande wa Ufaransa, mlangoni kabisa pa Geneva. Voltaire alinunua ardhi hiyo mwishoni mwa 1758, akiwa na miaka 64. Alikuta kanisa kuukuu lililosongamana na nyumba aliyotaka kuijenga, akalibomoa, akajenga jingine, na mbele yake akachongesha maneno matatu ya Kilatini: *Deo erexit Voltaire*, yaani Voltaire alimjengea Mungu, pamoja na mwaka 1761. Akawa anajigamba kwamba makanisa mengine yote yamewekwa chini ya watakatifu, hili peke yake ni la Mungu mwenyewe. Mungu na Voltaire kwenye jiwe moja! Unyenyekevu haukuwa kipaji chake.

Alimwamini Mungu kwa namna yake: Mungu aliyeumba ulimwengu na kuuwekea kanuni, asiyehitaji padri wa kumsemea wala muujiza wa kujitambulisha. Katika shairi la 1772 alisema ulimwengu unamtatiza, ila hawezi kuwaza kwamba saa hii ipo na haina fundi aliyeitengeneza. Mwaka 1770 Baron d'Holbach alipotoa kitabu kinene cha kukana Mungu, akakibandika jina la mtu aliyekwisha kufa ili asikamatwe, Voltaire aliandika kumpinga. Hata ule mstari wake maarufu, kwamba kama Mungu asingekuwepo ingebidi abuniwe, watu huutumia kama dhihaka kwa waumini. Ukiusoma mahali pake unakuta aliuandika kumkaripia mwandishi wa kitabu kilichowaita Musa, Yesu na Muhammad walaghai watatu.

Lakini usikimbilie kumtia kwenye kwaya yenu. Katika majadiliano aliyoyaandika mwaka 1768, mmoja wa wasemaji anatamka kwamba anataka wakili wake, fundi wake wa nguo, watumishi wake na hata mkewe waamini Mungu, maana anadhani hapo ataibiwa kidogo na kusalitiwa kidogo. Ni mzaha, na mzaha huo una mwenyewe. Tajiri wa Ferney aliona dini kama mlinzi mzuri wa mali ya tajiri. Mimi hapo nampa alama ndogo sana, na nashangaa wanaompenda huruka ukurasa huo.

*Mwalimu, kama alimwamini Mungu, chuki yake kwa makanisa ilitoka wapi? Kuna padri alimtenda nini? (Msomaji wa siku nyingi)*

Watu hupenda kutafuta kidonda cha utotoni. Hakipo. Alisomeshwa na Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki, katika shule ya Louis-le-Grand jijini Paris, na mpaka uzeeni aliwasifu walimu wake. Huko Ferney aliishi nyumba moja na Mjesuiti aitwaye Père Adam, akicheza naye sataranji, baada ya shirika lao kupigwa marufuku Ufaransa. Alikuwa akiwatania wageni kwamba huyu Adamu wake si mtu wa kwanza duniani.

Mambo yaliyomchoma yalitokea mbele ya macho yake akiwa mtu mzima. Mwaka 1730 alifariki Adrienne Lecouvreur, mwigizaji aliyependwa kuliko wote Paris na aliyecheza katika tamthilia za Voltaire. Waigizaji walihesabiwa wametengwa na Kanisa mpaka waikane kazi yao, naye hakuwahi kuikana. Paroko wa Saint-Sulpice akakataa kumzika. Maiti ikachukuliwa usiku, ikafukiwa katika kiwanja kitupu karibu na mto Seine, ikamwagiwa chokaa. Mwaka huohuo mwigizaji Anne Oldfield alifariki London, akazikwa Westminster Abbey, kanisa wanamolala wafalme. Voltaire alikuwa ametoka kuishi Uingereza kuanzia 1726. Aliandika shairi la kumlilia Lecouvreur, na hakuyasahau makaburi hayo mawili.

Uingereza ilimfunza jambo jingine. Katika kitabu chake cha barua kuhusu Waingereza, ambacho mahakama kuu ya Paris iliamuru kichomwe mwaka 1734, anampeleka msomaji kwenye soko la wafanyabiashara la London. Pale Myahudi, Mwislamu na Mkristo wanauziana na kununuliana kana kwamba ni wa dini moja, na jina la kafiri wanampa mtu aliyefilisika tu. Kisha anapiga hesabu: nchi ikiwa na dini moja, kuna hatari ya udikteta, zikiwa mbili, watachinjana, Uingereza zipo thelathini, na watu wanaishi kwa amani. Tazama kwamba hazungumzii dini ipi ni ya kweli. Anauliza nani ameshika rungu.

Likaja tetemeko la Lisbon, tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, makanisa yakiwa yamejaa. Hapo hakukosana sana na makasisi; alikosana na wanafalsafa waliosema kila kitu ni chema. Ila katika *Candide*, mwaka 1759, hakuacha kuwachoma: wenye hekima wa Ureno wanaamua kwamba dawa ya hakika ya kuzuia matetemeko ni kuwachoma watu wachache kwa moto wa taratibu, kwa sherehe kamili.

Hayo yote yalikuwa kalamu. Kilichombadilisha kuwa mpiganaji ni kesi ya Jean Calas, na hapa nitakaa kidogo, maana bila kesi hii huwezi kuelewa alimaanisha nini alipofunga barua zake kwa kuwahimiza rafiki zake waliponde lile dude la aibu.

Calas alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Toulouse, Mprotestanti katika nchi ambayo tangu 1685 Uprotestanti ulikuwa umefutwa kisheria. Duka chini, familia juu. Mwanawe mkubwa, Marc-Antoine, alisomea sheria lakini hakuweza kuwa wakili, kwa sababu kazi hiyo ilidai cheti cha paroko kuthibitisha kwamba wewe ni Mkatoliki. Kijana akazama katika huzuni na kamari. Jioni ya tarehe 13 Oktoba 1761 walikula pamoja na mgeni, kijana aitwaye Lavaysse. Marc-Antoine akainuka mezani kabla ya wenzake, akashuka. Baadaye mgeni alipoaga, mdogo wake marehemu, Pierre, akashika mshumaa kumsindikiza. Wakamkuta dukani, amekufa kwa kamba.

Umati ukajaa barabarani. Sauti moja, haikujulikana ya nani, ikapiga kelele kwamba wazazi wamemnyonga kwa sababu alitaka kuwa Mkatoliki. Ilitosha. Ofisa wa mji, David de Beaudrigue, akawakamata wote usiku uleule: baba, mama, Pierre, mgeni, na hata mtumishi wa ndani, Jeanne Viguière, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki mwenye kushika dini. Familia kwanza ilisema kijana ameuawa na mtu asiyejulikana, kisha ikasema amejinyonga. Mahakimu wakaona huo ni uongo wa wauaji. Sababu ilikuwa nyepesi: kwa sheria ya wakati ule, maiti ya aliyejiua iliburutwa barabarani uso chini, kisha ikatundikwa. Baba gani hangejaribu kumwepusha mwanawe na hilo?

Sasa angalia Kanisa liliingiaje. Tangazo likasomwa mimbarini katika parokia za Toulouse, likimtaka kila aliyejua au kusikia lolote aje kutoa ushahidi, la sivyo atatengwa. Na tangazo lenyewe lilikuwa limekwisha kuamua kwamba kijana ameuawa kwa ajili ya imani. Marc-Antoine, aliyeishi na kufa Mprotestanti, akazikwa kanisani kwa heshima kuu, maandamano yakiongozwa na Watubu Weupe, chama cha waumini waliovaa kanzu nyeupe za kufunika uso. Katika kanisa dogo la chama hicho wakasimamisha mifupa ya mtu, mkononi imeshikishwa tawi la mashahidi wa dini. Kesi ilikuwa haijahukumiwa. Na mwaka uliokuwa unakuja, 1762, mji ulijiandaa kuadhimisha kwa sherehe miaka 200 tangu Waprotestanti wa Toulouse wachinjwe.

Kura za mahakama kuu ya Toulouse zilikuwa 8 kati ya 13. Tarehe 10 Machi 1762 Calas, mzee aliyepita miaka 60, aliteswa kwa kunyweshwa maji ili awataje wenzake, akapelekwa uwanja wa Saint-Georges, akavunjwa viungo kwa chuma, akalazwa juu ya gurudumu kwa saa mbili, kisha akanyongwa na mwili wake ukachomwa. Mpaka mwisho alisema hana hatia. Mahakimu walitegemea aungame na kuwataja waliobaki, hakuungama, wakakwama. Pierre wakamhukumu kufukuzwa mjini, wengine wakawaachia. Voltaire akadaka hapo: mzee huyo peke yake hawezi kumnyonga kijana wa miaka 28 mwenye nguvu, kwa hiyo kama kuna kosa ni la wote waliokuwa ndani, na kama hao wengine hawana kosa, mzee mmemuulia nini?

Mwanzoni hata Voltaire alidhani huenda Waprotestanti hao ni wauaji kweli; hakuwa na upendo wowote kwa wafuasi wa Calvin. Akamwita Donat, mtoto mdogo wa Calas aliyekuwa Geneva, akamhoji, akaandika barua huku na huku, kwa mawaziri, kwa mawakili, kwa mabibi wakubwa wa ikulu. Akampeleka mjane Paris ili watu wamwone kwa macho. Mwaka 1763 akatoa kitabu chake juu ya uvumilivu. Tarehe 9 Machi 1765, miaka mitatu kamili tangu hukumu, majaji wa mfalme wakamsafisha Calas na familia yake kwa kauli moja, na mfalme akawapa livre 36,000, fedha ya Ufaransa ya wakati huo.

Ndiyo maana nasema ugomvi wake haukuwa na sala ya mtu yeyote. Mimbari ilitoa tangazo, chama cha waumini kikatoa mifupa na tawi, mahakama ikatoa gurudumu. Kila mmoja alifanya sehemu yake ndogo na kurudi nyumbani. Mpangilio huo ndio lile dude.

*Asalaam alaikum. Mimi ni Mwislamu, nimesikia huyu bwana aliandika mchezo wa kumtukana Mtume wetu. Kwa nini mnamsifu mtu wa namna hiyo? (Bi. S.)*

Waalaikum salaam, dada yangu. Umesikia sawasawa. Mchezo huo ulionyeshwa Lille mwaka 1741, na Paris mwaka uliofuata, ukaondolewa jukwaani haraka. Hadithi yake ni ya kutunga toka mwanzo hadi mwisho, mauaji na mapenzi ambayo hayamo katika sira yoyote. Alimchukua Mtume akamfanya vazi la kumvisha adui mwingine. Wakuu wa dini wa Paris walitambua vazi hilo limeshonwa kwa kipimo chao, na ndiyo sababu walipiga kelele. Voltaire akafanya ujanja ambao mpaka leo unanichekesha kwa shingo upande: mchezo huo akauwekea wakfu kwa Papa Benedikto XIV mwenyewe, na Papa akamjibu kwa barua ya adabu mwaka 1745.

Baadaye aliandika kwamba wenye haki ya kulalamika ni Waislamu peke yao, kwa kuwa alimfanya Muhammad mwovu kuliko alivyokuwa. Aliyekwisha kuvuliwa nguo sokoni hafarijiwi na barua ya namna hiyo, nakubaliana nawe. Huwezi kutetea heshima ya Calas kwa kalamu hiyohiyo uliyoitumia kupaka matope imani ya watu ambao hawajakufanya lolote. Na kama unakusanya makosa yake, ongeza Wayahudi: katika insha yake ya 1756 juu yao aliwaandikia maneno ya dharau ambayo hayana utetezi, ingawa kwenye mistari hiyohiyo husema wasichomwe moto. Lile neno "ingawa" haliniridhishi.

Lakini soma pia sura ya nne ya kitabu chake cha 1763. Pale anawaambia Wakristo wa Ulaya wamtazame Sultani wa Uturuki, anayetawala kwa amani watu wa dini chungu nzima, Wagiriki laki mbili wakiishi salama Constantinople, na mufti mwenyewe akimtambulisha Patriaki wa Wakristo mbele ya mfalme. Aliuliza kwa nini Toulouse ishindwe. Mtu mmoja aliandika yote mawili, na sioni njia ya kumgawa nikakuletea nusu nzuri tu.

*Mzee, ule msemo wake kwamba sikubaliani na usemayo lakini nitaitetea hadi kufa haki yako ya kuyasema, uko katika kitabu gani? Nautaka kwa hotuba. (Katibu wa chama)*

Hauko katika kitabu chake chochote, ndugu katibu. Uliandikwa na mwanamke Mwingereza, Evelyn Beatrice Hall, mwaka 1906, akijaribu kueleza kwa maneno yake mwenyewe msimamo wa Voltaire. Mtaje yeye kwenye hotuba yako.

*Mchungaji wetu husimulia kwamba Voltaire alitabiri Biblia itatoweka ndani ya miaka 100, na leo nyumba yake ni kiwanda cha kuchapa Biblia. Ni kweli? (Mama mlezi)*

Mama, nimewahi kuisikia ikisimuliwa kwa mbwembwe nyingi. Mwombe mchungaji kwa heshima akutajie kitabu na ukurasa wa utabiri huo. Kuhusu nyumba: ile ya Ferney ni mali ya serikali ya Ufaransa tangu 1999, watu wanalipa kiingilio kwenda kuitazama, na Les Délices, ile aliyokaa Geneva kabla ya hapo, ni jumba la kumbukumbu lenye maktaba ya vitabu vinavyomhusu.

*Mwalimu, umekaa kumtetea. Je, maneno yake hayakuwahi kumponza mtu asiye na ulinzi kama wake? (Mwanafunzi wa sheria)*

Hili ndilo swali nililolisubiri. Yalimponza, ingawa si yeye aliyewasha moto.

Agosti 1765, katika mji wa Abbeville, watu waliamka wakakuta msalaba wa darajani umekatwakatwa. Mji ukashtuka. Askofu wa Amiens akaja, akatembea miguu mitupu na kamba shingoni kuomba msamaha wa Mungu kwa niaba ya mji. Aliyekata hakupatikana, lakini watu wakaanza kukumbuka vijana watatu ambao hawakuvua kofia Ekaristi ilipopitishwa katika maandamano ya watawa, na nyimbo chafu walizoimba. Mmoja, d'Étallonde, akatoroka. Aliyekamatwa na kulipa ni Jean-François de La Barre, miaka 20. Walipopekua chumba chake wakakuta, kati ya vitabu vya uchafu, *Kamusi ya Falsafa* ya Voltaire.

Tarehe 1 Julai 1766 alikatwa kichwa, mwili ukachomwa, na kitabu hicho kikatupwa katika moto uleule.

Wewe unayesoma sheria, chukua kalamu hapa. Waliomhukumu walikuwa mahakimu wa serikali: kwanza wa Abbeville, kisha mahakama kuu ya Paris iliyothibitisha adhabu. Askofu yuleyule wa miguu mitupu aliomba kijana asamehewe. Jamaa yake La Barre, mwanamke aliyemlea, alikuwa mama mkuu wa watawa. Mfalme Louis XV akakataa kutoa msamaha. Wanaotumia kesi hii kuwachapa mapadri peke yao huwa wanaificha hiyo sehemu. Mahakimu wa Paris walikuwa wametoka kuwafukuza Wajesuiti nchini na walitaka kuonyesha kwamba wao ni wakali wa dini kuliko mtu yeyote. Hiyo ndiyo tafsiri yangu, na naishikilia.

Voltaire aliogopa. Akavuka mpaka kwenda Rolle, Uswisi, akajificha kwa muda kwenye mabafu ya maji ya tiba, akawaza hata kuhamia nchi za mfalme wa Prussia pamoja na wenzake wote. Kisha akarudi, akaandika simulizi ya kifo cha La Barre, akamtafutia d'Étallonde nafasi katika jeshi la Prussia, akafuatilia miaka mingi jina lake lisafishwe. Kwa La Barre hakupata kitu. Aliyemrudishia heshima yake ni bunge la mapinduzi, mwaka 1793, Voltaire akiwa marehemu.

*Je, alitubu kabla ya kufa? Wengine wanasema alikufa akipiga mayowe. (Msomaji mgonjwa, naomba jibu)*

Pole kwa ugonjwa, ndugu yangu. Nitakujibu kwa karatasi zilizobaki, na mayowe nitawaachia waliokuwa hawamo chumbani.

Alirudi Paris Februari 1778, baada ya miaka kama 28 ya kukaa mbali, ana miaka 83, anatema damu. Tarehe 28 Februari alimwandikia katibu wake Wagnière mistari michache kwa mkono wake: anakufa akimwabudu Mungu, akiwapenda rafiki zake, asiwachukie adui zake, na akichukizwa na ushirikina. Siku chache baadaye, tarehe 2 Machi, akaungama kwa padri Gaultier na kusaini tamko kwamba anakufa katika dini Katoliki aliyozaliwa nayo, na kwamba kama amelikwaza Kanisa anaomba msamaha wa Mungu na wa Kanisa. Komunyo hakupokea, alitoa udhuru kwamba anatema damu.

Alitubu kweli? Mimi nasoma karatasi hizo mbili pamoja. Ya kwanza hakuna aliyemlazimisha. Ya pili ilikuwa bei ya kaburi, na alikiri waziwazi kwamba hataki mwili wake utupwe jalalani. Usicheke, wala usimwite mnafiki upesi. Alikuwa na picha ya Lecouvreur kichwani. Na kumbuka parokia aliyokuwa anafia: Saint-Sulpice ileile.

Alifariki tarehe 30 Mei 1778. Paroko akakataa kumzika, kwa kuwa lile tamko halikumtosha. Familia ikafanya jambo ambalo mwandishi wa tamthilia angelipenda: maiti ikavishwa nguo, ikakalishwa ndani ya gari la farasi kama msafiri aliyesinzia, ikaondoka Paris usiku mpaka abasia ya Scellières, Champagne, ambako mpwa wake Mignot alikuwa na cheo cha abate. Ikazikwa tarehe 2 Juni kwa misa kamili. Barua ya askofu wa Troyes ya kukataza ilifika watu wamekwisha kufukia. Mwaka 1791 mapinduzi yalimhamishia Panthéon ya Paris, makaburi ya mashujaa wa taifa, jengo lililojengwa liwe kanisa la Mtakatifu Genevieve. Na juu ya gari lililombeba waliandika majina ya Calas, Sirven (Mprotestanti mwingine aliyemtetea) na La Barre.

*Nianze na kitabu gani? Sina muda mwingi. (Dereva wa usiku)*

Anza na kile cha 1763 juu ya uvumilivu. Sura ya kwanza ina kesi ya Calas yote, inasomwa kwa kikao kimoja. Sura za katikati anabishana kama Warumi waliwatesa Wakristo wa kwanza kweli au ni chumvi. Nyingi ni ubishi wa wasomi, na mahali pengine anavuta kamba upande wake bila haya. Ziruke. Nenda moja kwa moja sura ya 23. Ni sala, imeelekezwa kwa Mungu wa viumbe vyote, ikisema hakutupa moyo ili tuchukiane wala mikono ili tunyongane, na kuomba kwamba wanaowasha mishumaa mchana kweupe wawavumilie wanaotosheka na mwanga wa jua. Kisha kamata *Candide*; ni kifupi, kinachekesha, na utakimaliza kabla ya zamu ya wiki kuisha. *Kamusi ya Falsafa* usiisome kwa mfululizo. Fungua popote, soma neno moja, funga, uendelee na safari yako.